Uniandikie Kama Daktari Alivyosema

Likasi, Kikula, 9 Februari 2025

Kwako mama yangu Marlène,

Jambo sana. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe binti yangu na mume wako Éphraïm pamoja na watoto. Sisi huku tuko wazima, ila kifua changu kinanisumbua kwa sababu ya mvua. Mkwe wangu Mamie naye hajambo, mimba inaendelea, anakula kiasi. Nyumba haivuji tena upande wa jikoni. Jirani yetu David alipanda juu ya bati akaziba.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati jana tu tumesemezana kwa simu. Ni kwa sababu ya simu yenyewe. Simu ni ya Mamie, naye huiweka kwa sauti kubwa, akakaa karibu nami goti kwa goti, asikie habari za mumewe. Ukisema "Cédrick analala," mimi najibu "Vizuri, alale," na yeye anatazama midomo yangu. Hapo hatuwezi kuambiana kitu. Basi barua hii nimempa Urbain, anayeendesha lori mpaka Kitwe. Ameahidi kuitia mkononi mwako.

Tangu ulipokuja kumchukua ndugu yako Cédrick kumpeleka huko Zambia, nina woga ambao sijui niuweke wapi. Udongo wa machimbo ya Kamatanda ulimwangukia mbele ya wenzake, wakamchimbua kwa mikono. Hilo nalijua. Mguu niliuona mwenyewe. Lakini tangu mvuke mpaka, sijui kitu. Kila siku unasema "homa kidogo", "maumivu kidogo", "anaendelea vizuri kidogo".

Marlène, neno hilo kidogo linanitia baridi. Mama yako alipofariki wewe ulikuwa Kitwe tayari, kwa hiyo hujui nilivyopewa habari. Nilikuwa Tshangalele, nimekwenda kununua samaki. Mjomba wako Jean-Luc akanipigia: "Shemeji, urudi, Émérence anaumwa kidogo." Alisema kwa sauti ya kila siku, hata akaniuliza bei ya samaki. Nikawaza ni malaria yake ile ile. Njiani nikamnunulia machungwa, kwa kuwa akiwa na homa hakupenda kitu kingine. Niliposhuka kwenye kona ya njia yetu nikaona viti vya majirani vimetolewa nje, vya kila rangi, na wanaume wamevikalia. Hakuna aliyenipokea machungwa. Niliyashika mpaka ndani.

Najua ni desturi yetu. Mtu aliye mbali haambiwi kifo. Anaambiwa ugonjwa, ili apate nguvu ya kufika nyumbani. Waliofanya hivyo walinipenda. Lakini tangu siku ile, mtu akiniambia kidogo, mimi nasikia viti vikiburutwa.

Nakuomba basi jambo moja. Usiniandikie kile unachofikiri nitaweza kuvumilia. Niandikie daktari alivyosema, kwa Kiingereza chake, kisha chini yake unifafanulie. Yule si mtu wa kwetu, hajui kumficha mzee. Mimi nilisoma mpaka mwaka wa pili wa sekondari, na Kiingereza najua "good morning" tu, lakini nitajifunza.

Mamie asijue. Kina mama wa parokia wameniambia wazi kwamba mwanamke mwenye mimba hapewi habari nzito, mimba itatoka. Niandikie mimi peke yangu.

Msalimie ndugu yako. Mwambie Mamie amelishonea lile shati lake la bluu kifungo kilichopotea. Hakupata cha rangi ile, ametia cheupe.

Papa yako,
Bertin


Kitwe, 20 Februari 2025

Mpendwa Papa,

Pokea salamu zangu, na za Éphraïm, na za watoto wanaouliza kila siku babu atakuja lini. Pole kwa kifua. Kunywa majani ya limau na usikae penye upepo wa mlango.

Barua ilichelewa. Urbain alikwama mpakani Kasumbalesa, foleni ya malori haikusogea. Nimeisoma nikiwa nimesimama barabarani, na nilipofika kwenye machungwa nikakaa chini pale pale. Hakuna aliyewahi kuniambia.

Sawa, Papa. Nitafanya unavyotaka. Lakini kwanza uelewe namna watu hawa wanavyosema, la sivyo utaogopa bure au utafurahi bure. Mwalimu Barthélemy, Mkongo wa Kolwezi anayetufundisha jioni hapa parokiani, hutuambia tusikilize maneno mawili yanayotembea pamoja. La kwanza ni kama will, may, can, must. Hilo linakuonyesha mlango: kitu kitakuwa, huenda kikawa, kinaweza kuwa, lazima kiwe. La pili ni probably, possibly, certainly, never, na mara nyingi linakaa nyuma ya lile la kwanza, kabla ya kitendo chenyewe. Hilo linakuonyesha mlango umefunguliwa kiasi gani. "It will certainly rain" ni mtu anayeanua nguo zote. "It will probably rain" ni mtu anayetoka na mwavuli. "It may possibly rain" ni mtu anayetazama wingu, akaacha nguo kwenye kamba, akaenda sokoni.

Sasa daktari. Jumatatu alisimama penye kitanda akasema: "He will probably live. He may never walk properly." Niliandika kwenye kiganja kabla sijasahau. Sentensi ya kwanza maana yake ataishi, ndivyo anavyoona yeye, lakini hakuapa. Ya pili ni kwamba huenda asitembee sawasawa tena. Never ni neno zito, Papa, lakini lilishikwa na may. Hakusema will never. Nimelirudia kichwani mara nyingi ili niwe na hakika.

Cédrick ana homa inayopanda na kushuka. Ikipanda anaita watu wa shimoni kwa majina, anawaambia watoke. Ikishuka ni yeye mwenyewe. Muuguzi mmoja, mama mnene mwenye sauti, alimwambia lazima ale kwelikweli: "You must really eat, my brother." Cédrick akanigeukia mimi dada yake: "Yaya, huyu mama anatukana?" Wodi yote ikacheka, kwa sababu wengi hapa ni Wabemba na wanatusikia kidogo kidogo.

Nilitaka kumpa simu aseme na Mamie. Akakataa. "Yaya, usimupe sauti yangu. Iko mubaya, atasikia woga." Ndiyo maana kila siku nasema analala.

Mimi pia naogopa, Papa. Nikiogopa nafua mashuka ambayo si machafu.

Mtoto wako,
Marlène


Likasi, 3 Machi 2025

Mama yangu Marlène,

Jambo kwenu nyote. Limau nimekunywa, kifua kimelegea. Mvua inanyesha kila siku saa za mchana, na njia ya kwenda sokoni imekuwa mto. Tunakula sombe ya majani ya muhogo, na juzi David alituletea samaki.

Nashukuru kwa maneno ya daktari. Unaweza kushangaa, lakini niliposoma "will probably live" nilipata usingizi. Ungeniandikia "anaendelea vizuri", nisingelala. Probably nimelishika. Najua ukubwa wake, siyo blanketi la kufunikia kitu.

Basi nimeazima kamusi parokiani, nimeanza kujifunza kwa vitu vya hapa nyumbani. Kuku wa Mamie analalia mayai nyuma ya jiko. Nikasimama mbele yake nikasema: "She will certainly bite." Nikatia mkono, akanidonoa mpaka damu. Nikaona nimepatia. Mamie alinisikia kutoka ndani.

"Papa, unasema na nani?"

"Na kuku."

"Naye anakujibu Kizungu?"

David naye alichungulia juu ya ukuta: "Papa Bertin, unaenda Amerika, utatuachia nyumba?" Nikamwambia I can't possibly go, magoti yananikatalia. Alicheka, ingawa hakuelewa.

Lakini Mamie hakucheka, na hapo ndipo woga wangu ulipohamia. Zamani simu ikilia aliruka. Sasa ananipa bila kuitazama, anatoka nje. Hata sauti kubwa haweki tena. Amefumua nywele na hajazisuka. Viti vipo, lakini anakaa chini kwenye mkeka, na kitenge ni kile kile chenye giza. Nikamwuliza kama anaumwa. "Ni mwili tu, Papa." Mama Julie wa parokia ameniambia mimba ikikaribia mwisho wanawake wengine huwa hivyo, nisimchunguze. Nikajifariji kwamba angalau haniulizi tena, na mimi sina haja ya kudanganya.

Maana nimedanganya. Wiki iliyopita aliuliza: "Anaendelea namna gani?" Nikasikia mdomo wangu mwenyewe ukijibu: "Vizuri kidogo." Nilitoka nje nikajifanya natafuta jembe.

Niandikie upesi. Siku zikipita bila barua naanza kuisoma ile ya zamani kana kwamba inaweza kubadilika.

Papa yako,
Bertin


Kitwe, 11 Machi 2025

Papa,

Salamu. Kaa chini kwanza kabla ya kuendelea.

Mguu umeoza mpaka kwenye mfupa na uchafu umeanza kuingia katika damu. Leo asubuhi daktari alinitoa mpaka kwenye korido, akasema polepole ili nisikose neno. Nayaandika yote.

"We must take the leg. Without that he will almost certainly die. With it he may well live."

Lazima mguu ukatwe, juu ya goti. Usipokatwa atakufa, na almost certainly ni karibu na mwisho kabisa, Papa, imebaki nafasi ya uzi tu. Ukikatwa, may well live: huenda akaishi, na nafasi ni nzuri. Usidhani well hapo ni "vizuri" yetu. Hapo limekuja kuitia may nguvu. Nilimwuliza tena nipate hakika, akaitikia kwa kichwa.

Cédrick ameelezwa. Yuko na akili zake leo. Amekataa. Si kwamba hataki kuishi. Anasema: "Yaya, mguu si yangu peke yangu. Mamie aliolewa na muntu wa miguu mbili. Yeye aseme. Siwezi kurudia kwake nusu, hana habari." Éphraïm akamwambia tutamweleza Mamie baadaye, mtoto akishazaliwa. Cédrick akageuza uso ukutani. Hasaini, na mimi sisaini kwa nguvu juu ya mwili wa mwanamume mwenye akili zake.

Daktari anasema: "We can't possibly wait beyond Sunday." Baada ya Jumapili hakuna kungoja hata kidogo.

Ningeweza kupiga kwa David, lakini sikutaka upokee neno hili uwanjani kwa jirani, watu wakikutazama. Urbain anarudi leo, lori tupu, anasema atakuwa kwako kesho kutwa. Papa, lazima Mamie aambiwe, na lazima awe ni wewe. Ukishamwambia mnipigie. Nitaiweka simu sikioni mwa Cédrick.

Najua kina mama walivyokuonya. Nikimfikiria huyo mtoto tumboni, nafua mashuka tena. Sijui niombe nini. Nimewasha mshumaa kanisani.

Mtoto wako,
Marlène


Likasi, 15 Machi 2025

Mama yangu Marlène,

Jambo. Ulisikia yote kwenye simu jana, lakini hukuona, na mimi nataka uone.

Urbain alifika Alhamisi jioni. Ijumaa asubuhi niliizunguka nyumba kama mtu aliyepoteza mbuzi. Nikaenda kwa Mama Julie kumwuliza kwa mfano, nikasema ni habari ya mtu mwingine. Akanitazama: "Papa Bertin, ukisema, weye ndiye utazika mutoto." Nikarudi.

Mamie alikuwa mkekani, anachambua sombe. Nikakaa chini mbele yake, na magoti haya. Nikasema: "Mamie, kuna jambo sikukuambia." Akainua mkono wenye majani.

"Ngoja, Papa."

Akaweka majani chini. Akajifuta vidole kimoja kimoja kwenye kitenge.

"Miye najua. Uniambie tu: alikufaka siku gani? Na mumemuzika kule kule Zambia?"

"Hapana," nikasema. "Iko muzima."

"Papa, siko mutoto. Yaya Marlène anasema kidogo, weye unasema kidogo. Kila siku analala. Muntu gani analala mwezi muzima, habamupatie simu hata siku moja? Kwetu Tshangalele baba yangu aliumwaka vile vile, kidogo, kidogo, nikafika nikakuta kaburi. Munangojea nizae. Nimeelewa. Sikulia kwa nguvu, mutoto asisikie."

Hapo ndipo nilipoziona nywele. Ndipo nilipouona mkeka, na kitenge kile. Mkwe wangu alikuwa katika msiba wake peke yake, ndani ya nyumba yangu, akinisongea bukari, na mimi nikimfundisha kuku Kiingereza.

Kila neno la kwetu nililolishika lilikuwa limeshatumika kumficha. Basi nikasema ya daktari kwa Kiingereza, yote, kama ulivyoandika, kisha nikamgeuzia neno kwa neno. Wasipomkata mguu atakufa, karibu hakika. Wakimkata huenda akaishi, na nafasi ni nzuri. Anangoja wewe useme.

"Mguu?"

"Mguu wa kuume. Juu ya goti."

"Wa Cédrick?"

"Wa Cédrick."

Akaanza kucheka. "Papa! Muntu mwenye kufa habamukatake mguu!" Alicheka mpaka sombe ikamwagika, akanipiga begani, akacheka machozi yakashuka, na sikujua tena kama ni kicheko. Kisha akakasirika. "Mulinifanya muntu wa inje. Mulinilizisha bure, weye na Yaya." Niliinama nikaokota sombe, kwa kuwa alisema kweli.

Simu uliisikia. Sikusikia upande wa Cédrick, nilisikia wa Mamie tu, akiwa amesimama katikati ya uwanja na mkono kiunoni: "Bakate! Unasikia? Bakate hata yote mbili, urudie na mudomo tu, utakuwa unanitukana nayo." Kisha nadhani aliisikia ile sauti mbaya uliyoniandikia. Akageuka nisimwone uso. Akasema polepole: "Nitakuita nani? Nitakuita bwana yangu. Nikuite nani mwingine."

Mchana tumbo likamwuma. Alilala, mimi nikakaa kwenye kizingiti. Mama Julie akapita akatikisa kichwa: "Tulikuambia." Katika maisha yangu nimeogopa mara nyingi, lakini si kama jana. Kabla ya jioni maumivu yaliondoka. Mamie akaniita, akaniambia mtoto anapiga teke, na kwamba ana njaa.

Kesho ni Jumapili. Nimeyarudia maneno yote, may well, almost certainly, na hakuna hata moja linaloweza kunibeba mpaka kesho. Nibebeni ninyi.

Papa yako,
Bertin


Kitwe, 25 Machi 2025

Mpendwa Papa,

Salamu kwako na kwa Mamie. Kwa simu mmekwisha kujua: walimkata Jumapili ile, akaamka, akaomba maji. Haya ninayoandika ni yale ambayo kwa simu sikuyasema vizuri.

Homa imeshuka lakini haijaondoka. Daktari ameniambia: "He should slowly recover. He could still get worse." Ya kwanza ni kwamba inatazamiwa apone, polepole. Ya pili ni kwamba bado anaweza kuzidiwa. Yote mawili kwa pumzi moja.

Nilichoka, Papa. Nikamwambia: daktari, mara moja tu, niambie he will live, peke yake, bila kitu kingine. Alikuwa anaandika, akaacha. Akasema: "I can never honestly say that, madam. Not of anyone." Hawezi kamwe kusema hivyo kwa ukweli, juu ya mtu yeyote. Nilirudi kukaa. Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Nikawaza juu ya Mama, alivyotoka mzima kwenda kuteka maji siku aliyofariki.

Cédrick anakula. Anajikuna mguu usiokuwepo, kisha anajicheka. Anasema na Mamie kila siku mpaka muuguzi anamnyang'anya simu. Lakini sasa Mamie anasema atakuja huku. Nimemwambia hapana, njia ni mbaya na miezi imekaribia. Tafadhali mzuie, Papa. Wewe atakusikia.

Mtoto wako,
Marlène


Likasi, 2 Aprili 2025

Kwako mama yangu Marlène,

Jambo sana, na jambo kwa Éphraïm, kwa watoto, kwa Cédrick. Mimi ni mzima. Barua hii haikuletwa na Urbain. Imeletwa na Mamie, katika mfuko wake, na ukiisoma ina maana amefika.

Sikumzuia. Ningeweza. Nilikuwa na uongo tayari mdomoni: Kasumbalesa imefungwa, lori la Urbain limeharibika. Watu wangeniunga mkono. Kina mama wa parokia walikuja jana asubuhi wakamzunguka uwanjani.

"Utazalia njiani!" Mama Julie akasema.

"Basi ataitwa Kasumbalesa," Mamie akajibu. "Kuna batu beko na majina mubaya kupita ile."

Hata Mama Julie alicheka, akiwa amekasirika.

Wao walipoondoka nilimweleza yote. Nikamwambia huenda uchungu ukamshika ndani ya lori. Nikamwambia daktari alivyosema juu ya Cédrick, ya kwanza na ya pili, sikuruka hata moja. Nikamwambia huenda akafika na asimkute kama alivyomsikia kwenye simu. Alisikiliza, mikono juu ya tumbo.

"Umemaliza, Papa?"

"Nimemaliza."

"Sawa. Nimesikia. Naenda."

Nikaona kwamba mtu akiambiwa kweli, huwezi tena kumchagulia. Hilo sikuwa nimelifikiria nilipokuomba uniandikie. Mamie alimwachia David kuku na vifaranga, kwa kuwa anasema mimi nitawasahau. Urbain amemtandikia godoro nyuma ya kiti chake, na ameahidi kuendesha kama mtu aliyebeba mayai. Mama yake Mamie amepanda kutoka Tshangalele kumsindikiza, ana karatasi za mpakani. Kwa hiyo hayuko peke yake.

Waliondoka leo alfajiri. Hapana, nakosea, naandika kabla hawajaondoka. Urbain anapiga honi nje na Mamie anangoja nimalize. Kichwani nimekwisha kuwaona wameondoka, ndiyo maana.

Marlène, naogopa. Naogopa kwa barabara, kwa mpaka, kwa homa ile ya Cédrick isiyotaka kutoka, kwa mtoto. Najua sasa hakuna daktari wa kuniondolea woga huu. Msifiche kitu kwa ajili yangu. Ikiwa ni zuri niandikieni, ikiwa ni baya niandikieni vile vile, siku hiyo hiyo. Simu David atanipokelea, na uwanja wa jirani hauniogopeshi tena.

Mama yenu, kabla hatujagusa chakula, alikuwa anataja kwa sauti jina la kila mtu wa nyumba ambaye hakuwepo mezani. Wewe ulipoolewa Kitwe alikutaja kila jioni, halafu ndipo tukanawa mikono. Sikumbuki nani alimfundisha. Alipokwenda, sikuendelea, sijui kwa nini, pengine kwa sababu jina la kwanza lingekuwa lake.

Sasa ninyi nyote mtakuwa upande huo, meza moja, na Mungu akipenda hata huyo mdogo. Kabla ya kunawa mikono, mnitaje. Mnikumbuke.

Papa yenu,
Bertin